Kufuli la Nne

3 Juni, Jumatatu

Leo nimeonyeshwa kasha.

Nilistaafu maabara ya mifugo zamani, nikadhani nimemaliza kuona vioja vya ofisi za serikali. Asubuhi wamekuja kunichukua kwa gari, shikamoo nyingi, mlango nimefunguliwa, nikakae katika Kikosi cha Pamoja cha Kufuatilia Magonjwa ya Wanyamapori kama mshauri. Kazi ya mshauri, nilivyoielewa, ni kuwa na mvi na kunywa chai.

Kikosi kina idara tatu. Wanyamapori ndio wenye mnyama, akiwa hai na akiwa mzoga. Mifugo ndio wenye maabara. Afya ndio wenye binadamu. Ugonjwa wenyewe hauna mwenyewe. Kila idara imeleta mtu wake. Wa Wanyamapori ni mhifadhi mkuu, bwana mrefu mwenye mabuti yanayong'aa kiasi kwamba ungeweza kuchana nywele kwa kuyatazama. Moyoni nimeshamwita Bwana Buti. Wa Mifugo ndiye mratibu wa Kikosi, mtu laini, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Wa Afya ni mama wa makamo, mkimya, ambaye aliinamia simu yake tangu kikao kilipofunguliwa mpaka kilipofungwa. Huyu nimemwita Bi Simu. Nimekaa na watu wa namna hii maisha yangu yote, na nilimweka kwenye fungu lake mara moja.

Kasha lenyewe ni la kubebea sampuli. Ni la plastiki nene, ndani hujazwa barafu, nje lina makufuli matatu. Nikauliza ya nini.

"Ni uwazi, mama," alisema Mratibu. "Mwaka jana wenzetu wa Wanyamapori walitangaza majibu ya vipimo vya ndege waliokufa, kabla sisi hatujasikia. Watu walinuna sana. Sasa kila idara ina kufuli lake na ufunguo wake. Halifunguliwi mpaka wote tuwepo."

"Na mmoja akiwa safarini?"

"Tunamsubiri, mama. Ndiyo ushirikiano wenyewe."

Nikanywa chai.

10 Juni

Joto na vumbi. Hakuna kikao. Bwana Buti yuko warshani.

17 Juni

Mdogo wangu amepiga simu. Ndiye kitinda mimba wetu, nilimbeba mgongoni, na ingawa sasa ana wajukuu, bado huzungumza nami kama anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Anafuga ng'ombe kwenye kona ya mto, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Mwaka huu mto umekauka mapema. Viboko wamebanana katika bwawa moja lililobaki, na ng'ombe wake wanakunywa humo humo.

"Dada, kuna kiboko amekufa huku."

"Amekufaje?"

"Amelala tu ukingoni. Anatoka damu puani, nyeusi, haigandi. Tumbo limevimba kama ngoma."

"Usimguse. Usimkate, wala usimwache mtu amkate. Na ng'ombe waondoe hapo."

"Niwapeleke wapi, dada? Kwenye bomba la jikoni kwako?"

Naandika ninachokijua, maana kuanzia kesho nitalazimika kukirudia kwa watu wasiopenda kusikia. Damu nyeusi isiyoganda, kwa mnyama aliyekufa ghafla, ni ya kudhaniwa kimeta mpaka ithibitike vinginevyo. Kimeta ni ugonjwa wa udongo. Vimelea vyake hujivika ganda gumu vikalala ardhini miaka na miaka. Maji yakipungua na wanyama wakaanza kula majani mpaka kwenye tope, huvimeza, vikaamka. Mzoga haupasuliwi, kwa sababu vimelea vikipata hewa hujivika ganda upya na kurudi ardhini kungoja mwingine. Linatosha tone la damu la sikioni. Hata hilo tone lina haraka yake: likikaa kwenye joto, uozo hula vile vimelea, na ukija kutazama kwenye darubini hukuti kitu.

Nimelieleza hili kwa wanafunzi wengi. Wengine wao leo ni wakuu wa idara.

18 Juni

"Hao ni madume wamepigana, mama," alisema Bwana Buti. "Ndio msimu wao."

"Wakipigana hutokwa damu isiyoganda?"

"Huo sasa ni mjadala wa kitaalamu."

"Ndio mlioniitia."

Mratibu akacheka kidogo, kile kicheko cha kupooza mambo, akasema tutakwenda kuona. Bi Simu hakuinua kichwa.

20 Juni

Tumekwenda. Magari matatu, kila idara na lake. Bwana Buti hakushuka. Alitoa amri dirishani kwa sababu ya tope. Askari wake mmoja akatoa damu sikioni mwa mzoga vizuri kabisa, akaitia kwenye kichupa. Nikaomba tone moja tu nilipake kwenye kioo hapo hapo, nikalitazame jioni kwa darubini yangu ya zamani.

"Sampuli haigawanywi nje ya kasha, mama," alisema Mratibu.

"Na ndani ya kasha?"

"Ndani ya kasha haiguswi."

Makufuli yakabanwa moja baada ya jingine, picha ikapigwa. Mimi nimo kwenye picha, katikati, nikitabasamu kama mjinga. Mdogo wangu alisimama mbali na ng'ombe wake, kofia mkononi. Hakuna aliyemsalimia isipokuwa mimi na, nilishangaa kidogo, Bi Simu, aliyemwuliza kama kuna mtu kijijini mwenye kidonda. Akasema hapana. Bi Simu akarudi kwenye simu yake.

24 Juni

Bwana Buti amesafiri kwenda warshani na ufunguo wake mfukoni. Mada ya warsha ni ushirikiano baina ya idara. Sitanii.

26 Juni

Nimepita ofisini. Kasha liko kwenye korido, juu ya kiti. Barafu ya ndani imekwisha kuwa maji, na kuongeza nyingine haiwezekani kwa sababu limefungwa. Mratibu ameagiza mfuko wa barafu uwekwe juu ya mfuniko. Mfanyausafi anaubadilisha kila asubuhi, maji yanachuruzika kwenye zulia, na kila apitaye huruka kidimbwi kwa adabu.

"Kata kufuli," nilimwambia Mratibu.

"Mama, nikikata kufuli la mwenzangu, ushirikiano umekufa."

"Kiboko naye?"

"Yule alishakufa."

1 Julai

Bwana Buti amerudi na mkoba mpya. Kasha limefunguliwa. Harufu iliyotoka imewafanya watatu wote kurudi nyuma kwa pamoja, na naweza kusema huo ndio uratibu wa kwanza niliouona kwao. Kichupa kimepelekwa maabara.

4 Julai

Maabara imejibu: hakuna kimelea kilichoonekana. Bila shaka. Ni sawa na kuwatafuta wageni wa harusi wiki moja baada ya harusi. Mratibu akaanza kuandika tamko: "Hakuna ugonjwa wa kimeta."

Nikamshika mkono, kwa kweli nilimshika, nikamweleza polepole. Kusema hatukuona ni habari ya macho yetu. Kusema hakuna ni habari ya mto, ya viboko, na ya watu wanaokaa pale. Ya kwanza tuna haki ya kuisema. Ya pili hatuna.

"Wananchi hawataielewa tofauti hiyo, mama."

"Wananchi, au wewe?"

Akatabasamu. Mtu huyu ukimtukana hujaza kikombe chako. Tamko limesomwa redioni saa saba mchana, kwa niaba ya idara zote tatu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, wote walikuwa na sauti moja.

12 Julai

Viboko wengine wamekufa. Mdogo wangu anasema watu wamekuja na mapanga na mikokoteni kuchukua nyama. Amewakataza, wakamwuliza kama yeye anajua kuliko redio.

15 Julai

Nimeomba chanjo kwa ajili ya ng'ombe wa kandokando ya mto. Ipo. Imejaa kwenye jokofu la Mifugo, milango miwili kutoka chumba cha mikutano, nimeiona kwa macho yangu. Utaratibu unasema chanjo hutolewa ugonjwa ukithibitishwa. Ugonjwa huthibitishwa kwa sampuli. Sampuli hutoka kwenye kasha. Kasha linahitaji funguo tatu, na wiki hii aliye safarini ni Mratibu.

Nimewaeleza kwamba ng'ombe akichanjwa leo, kinga haiji kesho, hukawia siku kadhaa. Kwa hiyo kungoja mpaka waanze kufa ni kama kununua mwavuli ukiwa umeshalowa. Bwana Buti akasema mfano huo ni mzuri sana, akauandika.

22 Julai

Hakuna kikao.

29 Julai

Kikao. Tumejadili nembo ya Kikosi. Bwana Buti anataka simba. Mifugo wanataka ng'ombe. Bi Simu alipoulizwa alisema, "Chochote," bila kuinua macho. Namdharau huyu kuliko wote, maana wenzake angalau wanajishughulisha na upuuzi wao.

5 Agosti

Ng'ombe wa mdogo wangu amekufa. Ni yule mwekundu mzazi, aliyemkamua asubuhi na kumkuta chini mchana. Nilimpigia simu nikapiga kelele asimguse. Akaniuliza ngozi siku hizi inauzwaje.

"Umeshamchuna," nikasema.

"Ngozi yake nzuri, dada. Na redio imesema hakuna. Tena na wewe umo humo kwenye hilo tamko, nilisikia wametaja na washauri."

Ni kweli, walitaja washauri.

13 Agosti

Wifi, mke wa mdogo wangu, amepiga simu alfajiri. Yeye si mtu wa simu. Akitaka kitu hutuma mtu.

"Wifi, mkono wa ndugu yako sioni kama ni wa kawaida."

Kilianza kama kipele, chini ya kiwiko. Kikawa lengelenge. Sasa ni kidonda chenye gamba jeusi katikati, mkono umevimba, na uvimbe unapanda begani. Juzi alikwenda zahanati. Tabibu akamwambia ameumwa na buibui, akampa mafuta ya kupaka.

"Mlimwambia habari ya ng'ombe?"

"Tulimwambia. Akasema ingekuwa kimeta angeshaletewa taarifa. Akatuonyesha na tamko lenu, wamelibandika ukutani."

"Kinamwuma?"

"Ndicho kinachonitisha, wifi. Hakimwumi hata kidogo."

Naeleza tena. Jipu huuma. Sumu ya buibui huuma. Kidonda cha kimeta kina sura mbaya kuliko vyote na hakiumi, ndiyo sababu watu hukivumilia mpaka kinaingia kwenye damu. Kikiwahiwa kwa dawa za kawaida kabisa, mtu hupona. Kikicheleweshwa, kinaua.

Nikampigia Mratibu. Akasema mambo ya binadamu ni ya Afya, angewaandikia. Nikampigia Bi Simu bila tumaini lolote, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nikamwambia mdogo wangu ana kidonda mkononi.

"Kina gamba jeusi?"

"Jeusi."

"Hakiumi?"

"Hakiumi."

"Niko njiani, mama. Jiandae, nakupitia."

Alikuja akiendesha mwenyewe, bila kibali cha gari na bila dereva. Njiani simu yake ililia mfululizo, akaniomba nimsomee ujumbe. Zilikuwa zahanati za kando ya mto, moja baada ya nyingine. Tangu Juni alikuwa akiziuliza kila siku kama wamepata mtu mwenye kidonda cheusi. Kichwa kilichoinamia simu katika vikao vyote vile kilikuwa kinafanya kazi.

Ningepaswa kumwomba radhi. Badala yake nilimkasirikia.

"Mbona hukusema kikaoni?"

"Ningesema, ingekuwa ajenda. Ingekuwa ajenda, ningeagizwa nisubiri wenzangu." Akapunguza mwendo kwenye shimo. "Zahanati ya kwenu ndiyo peke yake iliyokuwa hainijibu. Yule tabibu anasema mimi simwamini."

"Mna tamko ukutani."

"Najua, mama. Na sahihi yangu ipo."

Hakujitetea zaidi ya hapo, na mimi sikumsaidia.

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, uso umepauka. Mkono ulikuwa mnene kama gogo. Akajaribu kuinuka anipe shikamoo.

"Lala," nikamwambia.

"Dada, usiniangalie hivyo. Ni buibui tu."

Bi Simu akapiga magoti, akainua ukingo wa gamba kwa uangalifu, akachukua majimaji kwa pamba, akapaka kwenye kioo. Alikuwa na vioo kwenye mkoba wake, vimefungwa ndani ya kitambaa safi. Nikauliza kasha liko wapi.

"Kasha ni la wanyama, mama. Huyu ni wa Afya. Huyu ana ufunguo mmoja."

14 Agosti

Sindano ya kwanza alichomwa pale pale barazani, kabla ya majibu. Nimeona wataalamu wenye shahada tatu wakishindwa uamuzi huo. Kisha tukampeleka hospitali ya wilaya.

Nilitazama darubini mwenyewe. Vimelea vilikuwepo, fito fupi za buluu zimeungana kama mabehewa ya treni, kila moja na koti lake la waridi. Nimewafundisha watu kuzitambua maisha yangu yote, na sikuwahi kudhani siku moja zitakuwa zimetoka kwenye mkono niliokuwa nikimwosha kabla ya kula alipokuwa mtoto.

15 Agosti

Uvimbe umefika shingoni. Anahema kwa shida. Wifi ananiuliza kama atapona, namweleza jinsi dawa inavyofanya kazi: huua vimelea haraka, lakini sumu ambayo tayari imo mwilini hubaki na kuendelea na kazi yake kwa muda. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," akasema, "sikukuuliza hayo."

Tukakaa.

16 Agosti

Hivyo hivyo.

17 Agosti

Amekula uji. Amelalamika kwamba hauna sukari.

20 Agosti

Chanjo imetolewa. Sasa ugonjwa umethibitishwa, vijana wa Mifugo wanachanja mto mzima, na Mratibu anapigwa picha na kila zizi. Zizi la mdogo wangu limebaki nusu. Tamko limebanduliwa ukutani zahanati, limebandikwa jingine, nalo linaanza: "Kutokana na ufuatiliaji wa karibu wa Kikosi cha Pamoja..."

9 Septemba

Karudi nyumbani. Vidole viwili havikunji sawasawa. Anakamua kwa mkono wa kushoto, na ng'ombe wanamshangaa.

14 Oktoba, Jumatatu

Warsha ya kufunga msimu. Ukumbi, vitambaa vyeupe kwenye viti, chupa za maji. Mbele lilitundikwa bango kubwa lenye picha ya mkono wa mdogo wangu, ule mkono, umekuzwa ukawa mkubwa kuliko mlango, na juu yake nembo ya Kikosi: simba na ng'ombe wameshikana mikono, jambo ambalo hata kimaumbile sijui lifanyikeje.

Yeye mwenyewe walimkalisha mstari wa mbele. Bwana Buti akasoma ripoti. Ule mfano wangu wa mwavuli ulikuwemo, ameufanya wake. Kisha Mratibu, kwa ile sauti ya kulaza watoto, akamwomba mgeni wao asimame.

"Mzee wetu huyu," akasema, "ni ushahidi hai kwamba mfumo wetu wa ufuatiliaji unafanya kazi."

Mdogo wangu akageuka kulitazama bango, akautazama mkono wake, akarudi kumtazama Mratibu.

"Kumbe mimi ndiye mfumo?" akasema. "Mngeniambia mapema, ningeomba sare."

Ukumbi ulicheka. Wakampigia makofi! Walidhani anatania. Bi Simu peke yake hakucheka. Aliondoka kabla ya picha ya pamoja, na nikamwona dirishani akiongea na simu huku anatembea haraka. Safari hii nilimwombea heri.

Halafu ikaja zawadi yangu. Kwa kutambua mchango wa mshauri, na ili kuimarisha uwazi, kasha litakuwa na kufuli la nne, na ufunguo wake nitaushika mimi. Nilikabidhiwa vyote viwili kwenye kiboksi chenye utepe. Kufuli la shaba, zito, zuri. Mratibu akasoma utaratibu mpya: kuanzia sasa ni marufuku kulifunga kasha pasipo makufuli yote manne.

Nikashukuru. Nilipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.

4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Nimekwenda kwa mdogo wangu. Amechimba kisima kwenye mwinuko, mbali na bwawa, amejenga birika la kunyweshea, na njia ya kwenda bwawani ameizungushia boma la magogo lenye lango. Shida yake lilikuwa lango. Ndama wa jirani wanalisukuma, linafunguka.

Nikatoa kile kiboksi kwenye mkoba. Wifi akachukua utepe, akasema utamfaa mjukuu. Mdogo wangu akapitisha kufuli kwenye mnyororo, akalibana kwa mkono wa kushoto, akavuta kujaribu. Lango halikutikisika. Nikampa ufunguo.

Mchana Mratibu alipiga simu, sauti imemkauka kidogo. Kuna nyati amekufa hifadhini, wanataka kwenda kuchukua damu, lakini kwa utaratibu mpya hawawezi kulifunga kasha bila kufuli langu. Lipo wazi kwenye korido. Wafanyeje?

"Liacheni wazi hivyo hivyo," nikamwambia. "Tieni barafu, mwende. Kufuli langu lina kazi."